Siku Ambazo Hatukuzitaja

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumapili, 12 Februari 1956

Mama Mkubwa Severa,

Shikamoo, Mama. Baba Mkubwa Isidori naye mpe shikamoo yangu, na umsomee barua hii akiwa ameshiba, maana ni ndefu. Macho yake yanaendeleaje? Mimi sijambo. Joto la huku bado linanidanganya. Kila nikiamka nadhani nina homa. Nimepanga chumba kwa Bi Sitara, mjane wa hapa hapa mjini, mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Ameshanikataza kupika ndizi kila siku, eti nakula kama mtu aliye safarini, naye ananifundisha wali wa nazi. Jumapili naenda misa kwa miguu, nakatiza kiwanja cha Mnazi Mmoja, nikirudi viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi.

Kazi nimeianza. Darasa letu ni la watoto wadogo ambao hawajafika umri wa shule, miaka minne hadi sita. Tumepewa chumba cha nyuma katika jumba la mikutano. Wako thelathini na wanne, saba Wakristo, waliobaki Waislamu. Baba zao ni makarani, mafundi cherehani, wauza samaki, wachukuzi wa sokoni. Tunaimba, tunafinyanga udongo, tunahesabu vifuu vya nazi. Wakati mwingine nacheka mpaka nasahau kwamba nalipwa.

Sasa sikiliza. Bibi wa Kizungu anayetusimamia ametuletea chati kubwa ya miezi kumi na miwili, nimeibandika ukutani. Kila mtoto aandikwe siku yake ya kuzaliwa. Ikifika, avae taji la karatasi, aimbiwe, agawe skonzi kwa wenzake. Mawazo mazuri, na mimi niliyapenda. Lakini nilipowauliza wazazi, ni sita tu waliojua tarehe. Baba yake Mwinyimvua alinitazama kama mjinga. "Jina lake halijakwambia, Mwalimu? Ilikuwa inanyesha." Mama yake Seifu alisema mwanawe alizaliwa siku ya pili ya Idi Kubwa, nikahangaika na kalenda jioni nzima. Wengine nimewapangia mwenyewe, ili ukuta usiwe na mapengo na mtoto asibaki peke yake.

Nilipomaliza, Seifu akauliza, "Na wewe Mwalimu, yako lini?" Nikasimama na kalamu mkononi. Mama, cheti changu kinasema nimebatizwa Pasaka ya 1934. Penye kuzaliwa Padri ameandika "haijulikani." Najua mama yangu Celina alifariki nikiwa mchanga na wewe ndiye uliyenilea, na hayo sikuulizi. Naomba tarehe tu. Watoto wanaingoja.

Mwanao,
Candida

---

Kilema, Moshi.
11 Machi 1956

Mwanangu Candida,

Marahaba. Barua yako ililetwa na Tarsis, yule mwenye duka huko kwenu Mtaa wa Kongo, alipokuja kumzika shangazi yake. Huku tuko wazima. Mvua imeanza kwa fujo, imeangusha migomba minne upande wa mfereji. Ng'ombe amezaa ndama jike. Baba yako Mkubwa anakusalimu. Macho yake ni yale yale. Ananijua kwa hatua zangu, uso hauoni vizuri tena. Nilimsomea habari za wali wa nazi akacheka. Ukurasa wa mwisho sikumsomea, macho yangu mimi pia yalikuwa yamechoka.

Nimefurahi kwamba watoto wanakupenda. Usiwaache wakakuzoea kupita kiasi. Mimi nilifundisha katekisimu miaka kumi na tano na sikuwahi kuhitaji taji la karatasi.

Kuhusu lile jingine, siku ya somo wako, mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake, tumekuwa tukiisherehekea kila mwaka tangu ulipojua kutembea. Inatosha. Waambie watoto hiyo.

Nimempa Tarsis kahawa na soksi. Huko soksi huzihitaji, lakini nilikuwa nimeshazifuma.

Mama yako Mkubwa,
Severa

---

Kariakoo.
Jumapili ya Pasaka, 1 Aprili 1956

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Heri ya Pasaka kwako na kwa Baba Mkubwa. Kahawa imefika, na Bi Sitara amekataa kunywa nyingine yoyote. Soksi nazivaa nikilala, kwa sababu ya mbu. Ndama mmemwita nani?

Hukunijibu nililokuuliza. Siku ya somo ninaijua, Mama. Lakini leo siandiki kwa ajili hiyo. Nimekosea darasani na sijui nirekebishe vipi.

Nina mtoto anaitwa Kijakazi, ana miaka mitano, mdogo wa umbo. Hukaa karibu na mlango. Haongei, lakini tukiimba sauti yake inapita ya wote. Analelewa na bibi yake, Bi Zena, muuza vitumbua wa Mtaa wa Mchikichi. Baba na mama yake wako Bagamoyo. Mwezi wangu wa kwanza wa kazi nilipomwuliza bibi huyo tarehe, alisema, "Huyu hana," akaendelea na njia yake. Nikadhani hajui, kama wengine. Nikampangia tarehe ishirini na moja Machi.

Jumatano ile nikamvika taji la manjano. Watoto wakaimba, wakapiga makofi matano kwa miaka mitano. Kijakazi hakucheka. Alikaa wima kama mtu aliyebeba maji kichwani, na nilipotaka kumvua taji wakati wa kwenda nyumbani aliushika mkono wangu, kwa hiyo nikamwacha aende nalo.

Kesho yake bibi yake akaja, amemshika mkono. Akaliweka taji juu ya meza yangu taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Mwalimu, nani alikwambia siku ya mtoto huyu?"

"Hakuna, Bibi. Niliipanga mwenyewe, asije akabaki peke yake."

"Basi ipangue."

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Ipangue tu," akasema. Wakaondoka, na Kijakazi akawa anageuka nyuma kututazama mpaka walipokata kona.

Nilimsimulia Bi Sitara. Aliacha kuchambua mchele. Akasema binti wa Bi Zena, mama yake Kijakazi, alizaa watoto watatu kabla ya huyu. Kila mmoja alifanyiwa karamu, akachinjiwa, mtaa mzima ukajua siku yake. Wote watatu walikufa wadogo. Wa nne alipokuja wakampa jina la mtumwa, wakampeleka kwa bibi kama kitu kisicho na mwenyewe, na siku aliyozaliwa haikutajwa mbele ya mtu. "Wamemficha," akaniambia. "Wewe umempigia makofi."

Mama, mimi sisemi kama kuficha kunasaidia au hakusaidii. Lakini nilichukua siku ya uongo nikaitangaza mbele ya watoto thelathini na watatu, na yule bibi alipoisikia moyo wake ulikwenda wapi, sijui. Tangu siku ile Kijakazi haji. Tukiimba, wimbo una shimo.

Wewe ulikaa na watoto wa watu miaka mingi. Niambie la kufanya.

Candida

---

Kariakoo.
20 Mei 1956

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Juma la saba sasa sijapata barua yako. Tarsis ananiambia mko wazima, kwa hiyo nashukuru, na pia naogopa, kwa sababu kama mko wazima basi ni mimi niliyekuudhi.

Idi imepita. Mtaa mzima ulinukia biriani, watoto walikuja kunionyesha nguo mpya mmoja mmoja. Nilichukua sahani ya tambi nilizopika mwenyewe nikaenda kwa Bi Zena kumpa mkono wa Idi. Alinikaribisha vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma. Akanipa kahawa na halua, akaniuliza habari za Moshi, kama ni kweli maji huganda juu ya mlima. Kijakazi alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini wimbo wetu wa vifuu, na Bi Zena akapandisha sauti yake kuufunika, akaniuliza tena habari za mlima. Nikanywa kahawa yangu nikaondoka.

Kama ni ile tarehe, Mama, nimeiacha. Sitaiuliza tena. Niandikie hata mistari miwili ya ng'ombe.

Candida

---

Kilema.
17 Juni 1956

Mwanangu Candida,

Marahaba. Ndama hatujampa jina. Baba yako Mkubwa hajambo, leo amekwenda kwenye baraza la ukoo akiongozwa na mtoto wa jirani, ndiyo maana nimepata nafasi.

Hukuniudhi. Barua yako ya Pasaka nimeisoma mara nyingi kuliko unavyofikiri. Mara ya kwanza nilipofika pale bibi yule aliposema ipangue, niliikunja nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikakata mengi kuliko anavyoweza kula kwa siku mbili.

Uliniuliza siku. Nitakwambia, ila niache nianze mbali kidogo.

Mwaka 1933 mimi na mama yako Celina tulikuwa na mimba kwa pamoja. Nyumba zetu zilikuwa zimeachana hatua thelathini tu. Mimi nilitangulia kujifungua, Alhamisi tarehe tisa Novemba, mtoto wa kike. Tulimwita Clotilda. Jina hilo hujawahi kulisikia nyumbani kwetu, najua.

Wewe ulizaliwa Jumapili tarehe kumi na mbili, watu wakipanda kutoka misa ya kwanza. Mama yako alitokwa na damu nyingi. Alikuona. Nataka ujue kwamba alikuona. Aliuliza kama una vidole vyote, nikamwambia vyote. Jua lilipofika utosini alikuwa ameshatuacha.

Baba yako Anselmi hakuweza kukutazama. Baada ya mazishi alikwenda Tanga kwenye mashamba ya katani, na kwamba hakurudi tena unajua. Mimi nilikuchukua. Nikawa na watoto wawili na maziwa ya mtoto mmoja. Wewe ulikuwa mdogo na ulilia mchana kutwa. Wanawake wote walisema, mpe huyu asiye na mama kwanza, na mimi nikakupa kwanza. Clotilda alikuwa mtulivu. Alikuwa akingoja, ananitazama. Hatukuwa tumewabatiza, tulimngoja baba yako arudi. Mwezi wa pili Clotilda akapata homa, siku nne. Padri alikuwa safarini, nikambatiza mwenyewe kwa maji ya kibuyu.

Miaka ishirini na miwili nimejiuliza neno moja na sijamwuliza mtu. Kama maziwa yalitosha.

Pasaka ilipofika nikakupeleka kanisani. Padri akauliza, huyu amezaliwa lini? Nikasema sijui, Padri. Akaandika. Nilijua, Candida. Lakini nilipotaka kutamka kumi na mbili, ile tisa ilisimama mbele yake, na sikuweza kuipita. Hivyo nikakunyima siku yako, wewe ambaye hukuwa na kosa. Hukuwa na kosa hata kidogo, nakuandikia mara mbili ili usinisumbue kwa kuuliza.

Mimi na Baba yako Mkubwa hatujalitaja jina lile tangu tulipotoka kaburini. Hajui kama nimekuandikia haya.

Sasa kuhusu bibi ya mtoto wako. Usiende kumweleza. Nenda ukae tu.

Mama yako Mkubwa,
Severa

---

Kariakoo.
8 Julai 1956

Mama,

Shikamoo, Mama. Barua yako niliisomea Mnazi Mmoja, nimekaa kwenye nyasi watu wakipita. Mwanamke mmoja nisiyemjua alisimama akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, zamani. Akaniambia pole akaenda.

Sijui niandike nini ambacho ni kikubwa kama ulichoandika wewe. Nitakwambia nilichofanya.

Nilikwenda kwa Bi Zena Jumamosi alasiri. Alikuwa uani anachambua mchele wa vitumbua vya kesho. Nikavuta kibao nikakaa, nikachukua ungo wa pili. Kijakazi alikuja akaketi kati yetu, akaanza kuokota chenga. Ungo ulipokwisha, Bi Zena akamtuma kwa jirani kurudisha kinu kidogo. Hapo ndipo nilipomsimulia, Mama. Unisamehe kwamba nilitoa siri yako kwa mtu usiyemjua. Nilimwambia yote, hata kibuyu. Nikamwambia kwamba sikujua jambo lolote nilipompangia mjukuu wake siku, na kwamba sasa nimejua kidogo.

Mikono yake ilisimama. Akauliza, "Huyo mama alikwambia kwa mdomo au kwa barua?"

"Kwa barua, Bibi."

"Afadhali. Kwa mdomo asingeweza." Kisha akasema, "Yule mtoto wake alikuwa akilia?"

"Anasema alikuwa mtulivu. Alikuwa akingoja."

"Basi mwambie hivi. Mwambie Zena wa Mchikichi amelea tisa na amezika wajukuu watatu, anajua. Mtoto mwenye njaa hangoji. Mtoto mwenye njaa anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Yule aliyetulia alikuwa ameshiba. Homa ilimchukua akiwa ameshiba. Umwandikie hivyo, usibadilishe neno."

Sijabadilisha neno, Mama.

Baadaye akanitajia majina ya wale watatu, na wa mwisho akasema alikuwa na meno manne na alipenda kumng'ata babu yake kidole. Alicheka aliposema hivyo, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kijakazi aliporudi, bibi yake alisema huku akiutikisa ungo, bila kunitazama, "Jumatatu atakuja. Lakini ukuta wako usimjue."

Jumatatu alikuja. Chati nilikuwa nimeshaibandua. Watoto walioandikwa na wazazi wao wenyewe nimewaweka katika daftari langu, mzazi akitaka tunaimba, asipotaka hatuimbi. Wale niliowatungia tarehe nimewafuta wote. Bibi msimamizi alipokuja aliuliza chati iko wapi. Nilimwambia sehemu yake kubwa ilikuwa uongo wangu mwenyewe, na kwamba mtoto mmoja uliwahi kumfukuza. Akauliza, "Sasa watasherehekea nini?" Nikamwambia sijui bado, nitawauliza mama zao. Akaandika kwenye kitabu chake na kuondoka. Nikangoja barua ya kufukuzwa kazi, badala yake ikaja bunda la karatasi za rangi.

Mama, mimi nilishiba. Ningependa uwe na uhakika kwamba tulishiba wote wawili.

Mwanao,
Candida

---

Kilema.
12 Agosti 1956

Mwanangu,

Marahaba. Kahawa imeanza kuiva na mikono haitoshi. Baba yako Mkubwa anachuma kwa kupapasa na hakosei, anajua iliyoiva kwa ulaini.

Barua yako niliifungulia shambani. Nilipofika kwenye maneno ya Bi Zena nikaketi chini kati ya mibuni, sikuinuka mpaka jirani aliponiita. Sijui kama ni kweli anavyosema. Lakini ni mwanamke aliyezika, na hakuwa na sababu ya kunifurahisha. Ninayarudia ninapochuma.

Usiombe msamaha kwa kumwambia. Mpelekee kahawa hii. Mpe na salamu, umwambie Severa wa Kilema amepokea.

Uliniuliza katika ile barua nyingine la kufanya darasani nikakaa kimya. Sasa nakujibu: waite hao mama na bibi waingie ndani. Mimi miaka kumi na tano niliwaacha nje ya mlango.

Severa

---

Kariakoo.
21 Oktoba 1956

Mama,

Shikamoo. Natumaini mavuno yanaendelea na Baba Mkubwa mzima. Bi Sitara alianguka kibarazani akateguka mguu, sasa anatawala nyumba akiwa amelala, na sauti yake imekuwa kubwa zaidi.

Nimefanya ulivyosema. Tangu Agosti kila Ijumaa mama mmoja au bibi anakuja darasani kutuonyesha sikukuu ya kwao. Mama yake Seifu alitufundisha wanavyopamba mtoto wa Idi. Mama wa Kipare alitupikia makande akatuambia huliwa watu wakikutana baada ya kazi ya shamba. Mimi niliwaeleza siku ya somo, na Mwinyimvua akauliza kama naye anaweza kupewa somo, nikamwambia amwulize baba yake, akarudi na jibu kwamba mvua inamtosha.

Alhamisi ilikuwa Maulidi. Jana yake, Jumatano, Bi Zena alikuja. Hakuwa amekanyaga humo ndani tangu alipolirudisha lile taji. Alikuja na ubani na sinia la kashata, akatandika mkeka wake mwenyewe, akawakalisha watoto wote, Waislamu na Wakristo. Akawaeleza kwamba kesho watu watakusanyika na kusoma kwa furaha kwa kuwa ni siku aliyozaliwa Mtume. Anaeleza vizuri, Mama, hapandishi sauti, watoto walikuwa kimya mpaka tukasikia mikokoteni ya sokoni inavyopita.

Alipomaliza, Kijakazi akasema kutoka pale mlangoni, "Bibi, na mimi nilizaliwa?"

Watoto wengine walicheka. Mimi sikuweza. Nilitaka kuanzisha wimbo wowote ili kuliziba lile swali, lakini nikakumbuka ulivyoniambia, nikakaa.

Bi Zena aliikunja kanga yake, akaikunjua. "Ulizaliwa," akasema.

"Lini?"

Nilimwona akitazama ukuta pale chati ilipokuwa, halafu akamtazama mtoto. Akasema, "Wakati wa maembe."

Basi. Hakutaja siku wala mwezi. Lakini alitamka mbele ya watu wote, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Kijakazi akarudia mwenyewe, "Wakati wa maembe," akahama mlangoni, akaja kukaa mkekani katikati ya wenzake. Hatukupiga makofi. Tulikula kashata.

Wakati tunakunja mkeka Bi Zena aliniambia, "Maembe ni miezi mitatu, Mwalimu. Hakuna atakayejua ni siku ipi." Alikuwa karibu kutabasamu.

Mama, tarehe kumi na mbili inakuja, na tisa kabla yake. Sikuombi jambo lolote. Nilitaka tu ujue kwamba siku zote mbili nitakuwa nikikuwaza.

Candida

---

Kilema.
18 Novemba 1956

Mwanangu Candida,

Marahaba. Mwambie Bi Sitara auchue huo mguu kwa mafuta ya nazi yenye moto na asipande ngazi. Kahawa tumepeleka magunia ya mwisho kwenye chama cha ushirika. Ndama amepata jina, nitakwambia ukija.

Nianze na Jumatatu, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Jumatatu tarehe kumi na mbili tulipika ndizi kwa nyama, tukawaita watu wa nyumba ya pili, nikawaambia leo Candida ametimiza miaka ishirini na mitatu. Mzee mmoja akasema, kumbe siku yake inajulikana. Nikasema inajulikana. Jana nilikwenda misioni, nikamwomba Padri wa sasa afungue kitabu cha 1934. Amefuta lile neno "haijulikani" na ameandika tarehe yako kwa mkono wake mbele yangu. Cheti kipya kitakuja na Tarsis.

Sasa Ijumaa. Asubuhi ya tarehe tisa nilimwambia Baba yako Mkubwa akae, nitamsomea barua. Akauliza, imekuja mpya? Nikasema hapana, ni zile za mwaka mzima, kuna kurasa sikukusomea. Nikamsomea zote, na yale niliyokuandikia mimi nikamsimulia kwa kadiri nilivyokumbuka. Nilisema jina. Nilisema na lile la maziwa, na alivyojibu Bi Zena. Aliinamisha kichwa muda wote, mikono juu ya fimbo, nikadhani amekasirika kwamba nimefukua.

Nilipomaliza kuku waliingia ndani na hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema, "Alikuwa akipiga chafya kila ukimtoa juani."

Nikamwambia, "Nani?"

"Clotilda. Ukimtoa tu nje, jua likimpiga usoni, chafya mbili. Mbili kila mara. Nilikuwa nikimtoa makusudi ili nizisikie."

Candida, mimi nilikuwa nimesahau. Mimi niliyembeba na kumnyonyesha, nilikumbuka zile siku nne za homa tu, na hayo mengine yote yalikuwa yamefutika. Yeye miaka yote hii alikuwa nazo hizo chafya peke yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Tulikwenda kaburini pamoja, nikimshika mkono kwenye mteremko. Njia nzima alinisimulia mambo mengine ya Clotilda, na mengi sikuyajua.

Mama yako,
Severa